Mlezi wa Mwongozo wa Moto

Iko nchi moja, wala msinisumbue kwa kuniuliza iko wapi, maana haimo kwenye ramani. Si kwamba ni ndogo. Mwongozo wa Kuchora Ramani bado uko kwenye kamati, na watu wa nchi ile wana adabu zao: hawawezi kujitokeza mahali kabla hawajaelekezwa namna ya kujitokeza. Mimi nimefika huko, nimekula chakula chao baada ya kusomewa Mwongozo wa Kulisha Wageni mpaka wali ukapoa, na natanguliza kusema kwamba yote nitakayosimulia ni ya kuisifu nchi hiyo. Atakayecheka ajue amecheka mwenyewe, mimi simo.

Katika nchi hiyo ipo Wizara ya Taratibu Njema, na ndani ya wizara alikuwemo mama mmoja aitwaye Bi Sikudhani, mtu mzima, mpole, mwenye miguu inayovimba kila jua likipanda. Kazi yake ilikuwa ulezi. Msidhani alilea watoto. Alilea miongozo.

Maana huko mwongozo haufutwi. Umesainiwa na mheshimiwa, na mheshimiwa akisaini kitu halafu wewe ukakifuta, umemfuta yeye. Kwa hiyo mwongozo ukizaliwa hupewa mlezi, na wajibu wa mlezi ni kuhakikisha mwongozo wake uko hai: kila mwaka aupitishe kwenye kamati, abadilishe tarehe, aongeze kifungu kimoja ili uonekane umekua, kisha aurudishe kabatini. Miongozo miwili ikigombana, haiulizwi upi una haki. Huandikwa wa tatu wa kuipatanisha, nao hupewa mlezi.

Bi Sikudhani aliingia wizarani na mwongozo mmoja tu, wa kufungua madirisha. Wenzake wakawa wanahama, wanaugua, wanafariki, na kila aliyeondoka aliacha yatima. Yatima wote waliletwa mezani kwake kwa sababu hakujua kukataa. Mwongozo wa Kutumia Ngazi. Mwongozo wa Kusalimiana Ngazini. Mwongozo wa Kugonga Mlango Ulio Wazi. Watu walipomuuliza anaendeleaje, alijibu kwa kushusha pumzi tu. Alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa uchovu anaoamka nao mtu asubuhi na kuuvaa pamoja na viatu.

*

Sasa niwaeleze desturi moja ya wizara ile iliyonipendeza sana, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyompata mama huyu.

Mwongozo wa kwanza kabisa kuandikwa ulikuwa Mwongozo wa Moto. Uliandikwa na mtaalamu aliyeletwa kwa ndege, ukawa mzuri, wenye mistari iliyonyooka. Mtaalamu alipoondoka, wizara ikaagizwa iandike miongozo ya mambo mengine yote yaliyobaki duniani. Watumishi hawakuwahi kuandika mwongozo hata siku moja. Wakafanya ambalo angefanya yeyote mwenye haraka: waliufungua ule wa Moto kwenye kompyuta, wakafuta maneno ya juu, wakaandika ya kwao, wakauhifadhi kwa jina jipya. Maneno ya chini hakuna aliyethubutu kuyagusa. Yalikaa pale karibu na nembo ya taifa na nafasi ya saini, yakaonekana kuwa mali ya serikali.

Hivyo basi kila mwongozo wa nchi ile, uwe wa likizo, wa kununua sabuni au wa kumpokea balozi, huishia na maneno haya:

"Kisha watu wote watoke nje kwa utulivu bila kutumia lifti, wakusanyike chini ya bendera na wahesabiwe. Hesabu ikitimia, kila mtu arejee ndani kazini kwake. Asipoonekana mtu, atafutwe, na yeyote asirejee ndani mpaka mtu huyo apatikane."

Jengo halikuwa na lifti. Ilibidi iwekwe, ili watu wapate kitu cha kutokutumia.

Na watumishi wale ni watiifu. Mmoja wao akiidhinishiwa likizo, wizara nzima hushuka ngazi kimya kimya, hujipanga chini ya bendera na kuhesabiwa. Sabuni ikinunuliwa, wote nje. Balozi mmoja alipokaribishwa na kuona maelfu ya viatu vinateremka kwa ajili yake, alilia kwa heshima aliyopewa, akaomba na nchi yake ifundishwe. Anayehesabu ni Bwana Mandondo, kijana mrefu mwenye filimbi shingoni, ambaye sauti yake ilikwisha kukauka kwa kutaja namba na sasa anahesabu kwa kidole.

Mwaka fulani mtumishi mmoja wa masijala aliponyoka kwenda kununua karanga ng'ambo ya barabara, akakutana na shemeji yake, mazungumzo yakanoga. Hesabu ikagoma. Wizara ilisimama juani mpaka alasiri, mtu asirudi ndani hata kuchukua mkoba, kwa kuwa mmoja hayupo. Aliporudi na karanga zake kila mtu alimtazama kama aliyemuua mzazi wake. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kukosekana chini ya bendera, na wengine walikuja kazini na homa ili wasiharibu hesabu.

Bi Sikudhani alijua maneno yale yalitoka wapi. Wengi walijua, ukimkuta mtu peke yake atakwambia. Aliwahi kulisema jambo hilo kikaoni, akaambiwa alete maoni kwa maandishi kwa kufuata Mwongozo wa Kuleta Maoni. Akayaleta. Wizara nzima ikatoka nje, ikahesabiwa, ikarudi. Miguu ilimuuma siku mbili. Hakuleta tena maoni.

*

Mdogo wake, Tausi, anaishi milimani, katika nyumba waliyoachiwa na mama yao. Kila Jumapili alimpigia simu.

"Dada, unakuja lini?"

"Nakuja."

"Hiyo nakuja yako imeniota sugu masikioni. Chumba nimekipaka chokaa. Kuku wameingia kulala humo, nimewafukuza, wamerudi. Hata kuku wanajua huji."

"Nakuja, Tausi. Namalizia kukabidhi."

"Unakabidhi nini wewe? Una ufalme?"

Bi Sikudhani aliaga, akakata simu. Mwongozo wa Kustaafu ulisema kwamba mlezi hataondoka mpaka akabidhi miongozo yake yote ikiwa hai. Umri wake wa kustaafu ulikuwa umeshapita, ukamsubiri kidogo, ukakata tamaa. Kwa muda mrefu alikuwa akizunguka ofisini na maandazi, akiwabembeleza vijana wapokee mmoja mmoja. Huyu alichukua wa Ngazi, yule akachukua wa Sabuni kwa sharti aongezewe na maandazi ya kesho. Mpaka akabakiwa na mmoja tu, ule wa Moto, ambao hakuna aliyeutaka kwa kuwa ulikuwa wa zamani na watu waliogopa kuuvunja.

Hatimaye akapata kijana wa kuupokea. Ilibaki saini ya Mkurugenzi tu. Siku hiyo Bi Sikudhani alinunua kitenge kipya cha safari na akakificha kwenye droo, maana hakutaka kuionesha furaha yake mapema. Akaingia kwa Mkurugenzi, Daktari Pankrasi Kibudu, msomi aliyepata udaktari wake kwa utafiti juu ya mchango wa pini ya karatasi katika maendeleo ya vijijini.

"Bi Sikudhani," alisema Daktari Kibudu bila kugusa kalamu, "kuna tatizo. Wakaguzi wamegundua kwamba Mwongozo wa Moto umenakili."

"Umenakili nini, mheshimiwa?"

"Hitimisho lake. Neno kwa neno ni la miongozo mingine. Huu ni wizi wa kitaaluma, na umefanyika chini ya ulezi wako."

"Mheshimiwa, huu ndio wa kwanza. Ile mingine ndiyo iliyochukua kwake."

Daktari Kibudu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama ilivyoelekezwa katika Mwongozo wa Kujibu Hoja Ngumu.

"Mama yangu, kaka mmoja akifanana na wadogo zake elfu, tutamsahihisha nani? Tutawahangaisha elfu? Kamati itaupitia upya. Mpaka hapo, kukabidhi hakupo."

Bi Sikudhani alirudi mezani kwake, akafungua droo, akakitazama kile kitenge. Alitaka kulia, lakini machozi nayo yalikuwa yamechoka. Akafunga droo.

*

Kamati ilikaa ghorofa ya juu kabisa, karibu na stoo ya nakala za zamani. Walikuwepo wajumbe wa kila idara, Bwana Mandondo akiwa na filimbi yake, na binti mjamzito aliyeandika muhtasari. Kabla ya yote ilisomwa kanuni ya msingi ya nchi ile, kwamba mwongozo ulioko mezani kupitiwa hautumiki mpaka upite. Wajumbe wakaitikia kwa pamoja kuwa wameelewa. Kisha Daktari Kibudu akasimama kufungua kikao.

"Ndugu wajumbe," alisema, "moto ni nini? Moto ni changamoto. Na changamoto ni fursa iliyovaa joto. Taifa lisilo na mwongozo wa moto ni taifa linaloungua kiholela. Sisi tukiungua, tutaungua kwa mpangilio!"

Walipiga makofi. Hotuba iliendelea mpaka chai ikaletwa, ikanywewa, vikombe vikaondolewa. Ndipo ikaja ajenda yenyewe. Ule wizi wa hitimisho ulimalizwa upesi: iliamuliwa kwamba maneno yabaki, ila Mwongozo wa Moto uishukuru ile mingine kwa kuuazima. Bi Sikudhani akaanza kupata matumaini. Akakikumbuka kitenge.

"Kifungu kipya cha mwaka huu," akasema Daktari Kibudu, akitabasamu kama mtu aliyebeba zawadi. "Kwa kutambua ulezi uliotukuka wa Bi Sikudhani, napendekeza kiongezwe kifungu kisemacho: mlezi wa Mwongozo wa Moto hatastaafu kabla ya mwongozo wenyewe kustaafu."

"Mwongozo unastaafu lini?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Haustaafu. Ndiyo heshima yenyewe! Tunataka tu ridhaa ya mlezi, halafu tunafunga."

Makofi tena. Mama yule aliviangalia viganja vya watu vikigongana. Akayaona maisha yake yote yaliyobaki yakishuka ngazi na kupanda, yakishuka na kupanda, mpaka siku atakayobebwa, na hata siku hiyo wizara itatoka nje ihesabiwe kwa mujibu wa Mwongozo wa Misiba.

"Sikubali," akasema.

Binti wa muhtasari aliinua kichwa akauliza neno hilo linaandikwaje katika lugha ya kikao, kwa kuwa hakuwahi kuliandika. Hakuna aliyejua. Daktari Kibudu alidhani hakusikia vizuri, akaurudia wasifu wa mama yule tangu enzi za madirisha. Akamwomba tena ridhaa.

"Sikubali, mheshimiwa. Nimechoka. Nataka kwenda kwetu."

Walimbembeleza mmoja mmoja, wakamkumbusha uzalendo, wakamtisha kidogo, wakamwagizia soda. Bi Sikudhani alikunywa soda na hakukubali. Mchana ukaingia, ajenda imekwama palepale.

*

Ndani ya stoo ya jirani palikuwa na birika la umeme, feni na mashine ya fotokopi, vyote vimechomekwa kwenye soketi moja. Si uzembe. Mwongozo wa Kubana Matumizi ya Umeme ulikuwa umeelekeza kwamba kila ghorofa itumie soketi moja tu, nyingine zipumzike.

Bi Sikudhani ndiye aliyeuona moshi kwanza. Ulipita chini ya mlango wa stoo taratibu, ukatambaa kwenye zulia.

"Mheshimiwa, kuna moshi."

"Umo kwenye ajenda?"

"Umo chini ya mlango."

Bwana Mandondo aliinuka, akaugusa mlango kwa kiganja, akakirudisha haraka. "Ni moto huu, mheshimiwa. Tutoke."

"Kwa mwongozo upi?" aliuliza Daktari Kibudu.

"Si wa Moto?"

"Wa Moto huu hapa, uko mezani, na mwongozo ulioko mezani hautumiki. Kanuni imesomwa asubuhi, wewe mwenyewe umeitikia. Tuivunje sisi viongozi, wananchi wafanye nini?"

"Basi tutoke kwa Mwongozo wa Vikao. Kikao kikifungwa watu wanatoka nje."

"Vizuri sana, Mandondo. Hapo umefikiri. Lakini kikao hakifungwi ajenda ikiwa haijaisha, na ajenda," alikohoa, akatoa kitambaa, "ajenda imeshikiliwa na mama huyu."

Wote wakamgeukia. Macho yalikuwa mekundu, mengine kwa moshi, mengine kwa hofu. Hakuna aliyekimbilia mlangoni, na msiwacheke: mtu aliyeishi miaka yote akitoka kwa kuamriwa, miguu yake imesahau kutoka yenyewe. Ndani ya stoo kitu kilianguka kwa kishindo. Binti mjamzito alikuwa bado anaandika, machozi yakidondokea kwenye karatasi, na Bi Sikudhani aliyekaa ubavuni mwake aliyasoma maneno: "Moshi ulionekana. Wajumbe waliutambua."

Bi Sikudhani alikifikiria chumba kilichopakwa chokaa. Aliwafikiria hata wale kuku. Alisikia hasira, hasira ya kweli, kwamba hata katika kuungua bado yeye ndiye anayetakiwa kukubali. Kisha akamtazama yule binti, tumbo lake limegota meza, na mama yule akanyoosha mkono.

"Nakubali."

"Kwa sentensi kamili, tafadhali. Ni kwa ajili ya kumbukumbu."

"Mimi mlezi wa Mwongozo wa Moto nakubali kutostaafu kabla ya mwongozo huu. Funga kikao, baba, funga!"

"Kikao kimefungwa," alisema Daktari Kibudu, na machozi ya moshi yakamtoka.

Hapo ndipo nilipoipenda nchi ile. Filimbi ikalia, na wizara nzima, ghorofa kwa ghorofa, ikashuka ngazi kwa utulivu usio na mfano, kwa kuwa kitu hicho kimoja walikuwa wamekifanyia mazoezi maisha yao yote. Hakuna aliyesukumana. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyetumia lifti.

*

Nje jua lilikuwa kali. Walijipanga chini ya bendera, kila mtu mahali pake, na nyuma yao madirisha ya juu yakaanza kupasuka. Gari la zimamoto lilikuwa limeshafika, limesimama getini, kwa sababu mlinzi alikuwa akiwasomea askari wa gari hilo Mwongozo wa Kupokea Wageni na alikuwa amefika kwenye kifungu cha viatu.

Bwana Mandondo akaanza kuhesabu kutoka mstari wa mbele, kidole kikitembea juu ya vichwa. Bi Sikudhani alikuwa mstari wa nyuma kabisa, amesimamia mguu mmoja ili kuupumzisha mwingine. Alidhani yamekwisha. Alidhani angalau leo atakwenda nyumbani mapema. Ndipo akasikia Daktari Kibudu akitangaza kwa sauti ya kutia moyo.

"Ndugu watumishi, nawapongeza! Hesabu inakwenda vizuri. Ikitimia tu, kila mmoja arejee ndani kazini kwake, kama mwongozo unavyosema. Tusipoteze muda wa serikali."

Bi Sikudhani alidhani watacheka. Hawakucheka. Watu wa mstari wa mbele waliokwisha kuhesabiwa walikuwa wanageuka kuelekea mlangoni, wanajipanga kwa utaratibu, mmoja anafunga vifungo vya koti. Binti mjamzito alikuwa wa tatu, karatasi za muhtasari kifuani, kwa kuwa alitakiwa akauchape. Mlango wenyewe ulikuwa umeanza kutoa moshi. Walikuwa wanasubiri hesabu itimie tu.

"Mheshimiwa, jengo linaungua!" alipiga kelele Bi Sikudhani.

"Tumeliona, mama. Litashughulikiwa na wahusika. Wewe subiri kuhesabiwa."

Angeweza kupiga kelele zaidi. Angeweza kuwaeleza, kwa mara nyingine, maneno yale yalitoka wapi. Alijua wangemwambia alete kwa maandishi. Alikitazama kidole cha Mandondo kikija, mstari kwa mstari, na akamkumbuka yule mtu wa karanga. Akarudi nyuma hatua moja. Hakuna aliyegeuka. Akarudi nyingine. Akavua viatu, maana vilikuwa vinambana siku nyingi, akavishika mkononi na kuelekea getini bila kukimbia, kwa utulivu, kama alivyofundishwa.

Askari mmoja wa zimamoto alimsimamisha.

"Mama, kuna watu ndani?"

"Wote wako nje. Wakitimia wataingia."

"Waingie wapi?"

"Ndani. Nakuomba, mwanangu, usiwasaidie kuhesabu."

Alikuwa ameshavuka barabara aliposikia filimbi ya Mandondo ikilia mara mbili, ishara ya kwamba mmoja hayupo. Akasikia na sauti ya Daktari Kibudu, safari hii yenye uchungu wa kweli: "Mtu yeyote asirejee ndani!" Bi Sikudhani alikaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, akalia kwa muda, kisha akatafuta gari la kwenda milimani. Kitenge kilibaki kwenye droo, kikaungua na mengine.

*

Mvua zilipokwisha, Bwana Mandondo alipanda mlima ule akiuliza nyumba kwa nyumba. Alimkuta Bi Sikudhani barazani, miguu imenyooshwa juu ya kigoda, anapukuchua kunde.

"Hodi wenyewe. Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mandondo. Karibu. Umekonda."

"Nimetumwa kumtafuta Bi Sikudhani."

"Kaa kwanza."

Akakaa. Tausi akamletea chai, akasimama mlangoni kusikiliza, mikono kiunoni. Mandondo alisimulia kwamba jengo limebaki kuta nyeusi na lifti. Watumishi bado wako chini ya bendera. Jioni wanakwenda makwao, asubuhi wanarudi kusimama, kwa kuwa mmoja hajapatikana na hawawezi kurejea ndani.

"Na kazi?" aliuliza Bi Sikudhani.

Mandondo alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Hapo ndipo penye balaa, mama. Kazi zinakwenda. Mwananchi anakuja, tunamuuliza una shida gani, anasema, tunamsaidia. Anaondoka."

"Bila mwongozo?"

"Yote iliungua, tutafanyaje? Juzi mzee mmoja amepata hati yake ya shamba tukiwa tumesimama. Ameogopa, akairudisha, akidhani ni ya uongo. Mkurugenzi halali. Anataka uandikwe Mwongozo wa Kufanyia Kazi Nje, lakini haiwezekani bila mlezi, na mlezi mwenye ridhaa iliyoandikwa ni mmoja tu. Muhtasari ndio kitu pekee kilichookolewa. Amesema Bi Sikudhani akipatikana, aiandike miongozo yote upya, kwa kichwa."

Bi Sikudhani aliendelea kupukuchua kunde. "Na mafao yangu?"

"Asiyeonekana hastaafu, mama. Halipwi. Hafukuzwi wala hafi. Yupo yupo tu."

"Maisha yangu yote nimewapa," alisema Bi Sikudhani. "Hata kitenge sikutoka nacho." Akachukua ganda jingine la kunde. "Yule binti alijifungua?"

"Wa kiume. Anambeba mgongoni palepale chini ya bendera. Naye namhesabu."

Mandondo alimaliza chai yake, akajifuta mdomo, akasimama na kuishika filimbi iliyoning'inia shingoni.

"Niruhusuni nihesabu kidogo," alisema. "Nitaulizwa kama nilihesabu."

Akanyoosha kidole kwa Tausi pale mlangoni. Mmoja. Akakielekeza kifuani mwake. Wawili. Kidole kikaja mpaka kwa Bi Sikudhani, kikasimama pale, na mama yule akaacha kupukuchua, akakitazama. Kikakaa kwa muda mrefu. Kisha kikapita, kikamwendea kuku aliyekuwa anatoka kwenye chumba cha chokaa. Watatu.

"Hayupo," alisema Mandondo.

"Hayupo, mwanangu," aliitikia Bi Sikudhani, akamsogezea ungo wa kunde amsaidie.